Sauti ya Mtoto Katika Taarifa ya Saa Saba

Kila Jumatano saa saba mchana, sauti ya mtoto wa miaka sita ilipita Emali ikimwita baba yake.

Ilianzia kwenye kinu cha Katunge, aliyekuwa na redio yenye spika ya kutikisa mabati. Ikafuata hoteli ya chai, gereji, kisha malori yaliyoegeshwa kando ya barabara ya Mombasa. Waliosikiliza kwa simu walichelewa nyuma ya wenye redio, kwa hiyo mtoto alisikika kama anayekimbia mlango kwa mlango, akibisha, asifunguliwe. "Aabo! Aabo!" Kisha muziki ulimfunika, na mtangazaji akawakaribisha wasikilizaji kwenye "Usalama Wetu", kipindi cha Idhaa ya Umma ya Mashariki kutoka Kitui.

Watu walimpa jina: mtoto wa redioni. Wengine walisema ni roho iliyobaki mahali pa mauaji. Katika kanisa moja la karibu na stesheni alifanyiwa maombi, akatajwa kati ya wagonjwa na wanafunzi wa mitihani.

Nyuma ya duka la kamba na dawa za mifugo, hatua thelathini kutoka kinu cha Katunge, Ruqiya Maalim aliketi kitandani akamsikiliza. Hakuhitaji kuambiwa mtoto huyo ni nani. Alimzaa yeye. Na mtoto mwenyewe, Hamdi, sasa mwenye miaka ishirini, alikuwa mbele dukani saa hiyo hiyo, ameziba masikio kwa viganja huku mteja akisubiri dawa ya kupe.

Ruqiya alizaliwa Mwingi, kwa baba aliyeuza ng'ombe, na Kikamba alikijua kabla ya Kiswahili. Alikipata kisimani, kwa wasichana aliochota maji nao. Hata ukubwani akishtuka alishtuka kwa Kikamba, jambo lililomchekesha sana mumewe, Ahmednasir. Walikaa Emali miaka ishirini na miwili. Dukani kulikuwa na stuli moja ya mbao kwa ajili ya wateja, na siku ya soko stuli hiyo haikupoa. Wanawake walinunua kamba ya mita mbili wakakaa nusu saa.

Ahmednasir alinunua mbuzi Kitui kusini akawaleta sokoni, akishirikiana na Musyimi wa Nunguni. Pikapu ilikuwa ya Musyimi. Macho ya kumjua mbuzi mgonjwa akiwa bado anarukaruka yalikuwa ya Ahmednasir. Kiunoni alikuwa na kisu kifupi kwenye ala ya ngozi, kwa sababu mbuzi akivunjika mguu au akikanyagwa na wenzake garini lazima achinjwe kabla roho haijatoka. Akifa mwenyewe ni mzoga, haramu kwa Ahmednasir na hasara kwa wote wawili. Musyimi alimwita daktari wa mwisho. "Daktari wa mwisho, kuna mgonjwa huku nyuma!" alipaza sauti, na gari likasimama popote lilipokuwa.

Ahmednasir hakuandika majina kwenye simu. Namba alizijua kwa kichwa, kama alivyojua rangi za mbuzi aliowauza miaka kumi iliyopita. Kitu kimoja tu cha simu alikijali: mlio. Hamdi alipokuwa na miaka sita aliichukua simu ya baba yake kwa siri akajirekodi ndani yake: "Aabo! Aabo, telefoonka qabo!" Baba, baba, shika simu, kwa Kisomali. Sauti hiyo ilihamishwa kwa kadi ya memori kutoka simu moja hadi nyingine, zote zile za Kichina zenye spika kubwa. Hamdi alipokuwa mkubwa aliona aibu.

"Aabo, toa hiyo kitu. Watu wananicheka."

"Huyu wa kwenye simu nitabaki naye," Ahmednasir alijibu. "Hajawahi kunijibu vibaya."

Ahmednasir na Musyimi walivamiwa Jumanne moja ya mwezi wa tatu, kwenye barabara ya Mutomo, asubuhi jua likiwa limeshapanda. Ruqiya alimpigia mumewe saa nne kamili, hakushika. Akapiga tena saa tano na kitu. Alijiambia ni mtandao. Saa saba na robo Katunge aliingia dukani, unga umemjaa mikononi hadi viwikoni.

"Mama Hamdi, njoo usikie. Kuna mtoto kwa redio anaongea kama nyinyi."

Taarifa ilikuwa ikirudiwa. Mwanahabari aliitwa Mutie, na alizungumza polepole, kama watu wanavyozungumza karibu na maiti. "Nimesimama mahali ambapo Bwana Musyimi, mfanyabiashara wa Nunguni na baba wa watoto wanne, ameuawa kinyama na wezi wa mifugo. Mmoja wa washukiwa, mwanamume anayeaminika kutoka jamii ya wafugaji wa kaskazini, naye ameuawa katika makabiliano. Alipatikana na kisu mkononi." Na nyuma ya maneno hayo, mbali kidogo, Hamdi wa miaka sita aliita. Aliita mara nne. Mutie alinyamaza kidogo, kama aliyegeuka kutazama, halafu akaendelea.

Hivyo ndivyo Ruqiya alivyojua kwamba amekuwa mjane.

Daktari alimtazama Ahmednasir haraka hospitalini, jamaa wakatia sahihi, na kabla ya magharibi alikuwa ameshazikwa Makindu. Hakulala mochwari hata saa moja. Ruqiya akaingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani. Musyimi alizikwa Nunguni siku kumi baadaye, watu wakajaa mpaka kwenye mashamba ya jirani, na redio ikawataja watoto wake wote wanne. Ruqiya hakwenda. Alituma gunia la mchele na sukari kwa pikipiki. Jioni pikipiki ileile ilirudi navyo, kamba haijafunguliwa.

Kutoka wiki iliyofuata, Idhaa ya Umma ilianza kufungua "Usalama Wetu" kwa sauti zilizochukuliwa mahali pa tukio. Upepo. Nyayo kwenye kokoto. Mtoto.

Jumatano ya kwanza Hamdi aliingia ndani kwa mama yake. "Hooyo, waambie wazime."

"Nimwambie nani? Nimwambie mji mzima?"

Jumatano zilikuja nyingine, na baada yake nyingine. Ruqiya alijifunza kungoja sauti ile kama mtu anavyongoja kidonda kipanguswe. Kuna wiki alihisi mtoto anamsogelea zaidi. Kuna wiki moja, upepo wa kipindi ukivuma, alisikia kabisa pumzi ya mtu kabla ya mtoto kuanza kuita, akakaa siku mbili bila kula, akiwaza ni pumzi ya nani. Kwa kuwa hakuwa na mahali pa kwenda, alisikiliza na vipindi vingine vyote, taarifa baada ya taarifa, mpaka akawajua wasomaji kwa kikohozi.

Hamdi alimwambia kwamba wateja hawajakimbia. Wanakuja, wananunua, wanashukuru. Ila hawakai tena kwenye stuli.

"Hakuna hata mmoja?"

"Mmoja. Alikuwa mgeni, anapita kwenda Loitokitok."

Siku eda ilipokwisha Ruqiya alioga, akavaa, akapanda kwenda Nunguni kabla ya kwenda popote. Kule juu ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba, na nyumba ya Musyimi ilitokea ghafla mbele yake, mlango kwanza. Kavata, mjane wa Musyimi, alisimama mlangoni kama aliyekuwa amesimama hapo tangu mazishi.

"Wakya, Mama Ndunge," Ruqiya alimsalimia kwa Kikamba.

Kavata hakuitikia. "Umekuja kuona kama kuna mbuzi wamebaki?"

"Nimekuja kulia na wewe."

"Umechelewa miezi minne. Watu wote walikuja. Hata yule wa lori aliyetukanyagia kuku alikuja, akashika koleo. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa eda. Kwetu mjane hatoki."

"Na kwetu asiyekuja kuzika anajijua." Kavata alijifunga kanga upya, ingawa haikuwa imelegea. "Mimi sisemi kitu. Redio ndiyo ilisema."

"Unamjua Ahmednasir kuliko redio. Amekula kwenye hii nyumba."

"Nilidhani namjua." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka. "Nenda, Mama Hamdi. Na uwaambie wazime ile simu. Kila Jumatano inalia, inalia, na mimi niko jikoni. Waambie wazime."

Mlango ukafungwa. Ruqiya alishuka mteremko akifikiri kwamba huyo ndiye mtu wa kwanza, nje ya nyumba yake mwenyewe, ambaye hakusema mtoto. Alisema simu. Lakini hilo halikuwa ajabu. Simu ile ilikuwa imelia mezani kwa Kavata mara nyingi, kati ya sahani.

Wiki hiyo hiyo alikwenda Kitui. Kwenye mkoba alikuwa na karatasi ya polisi na simu ya Ahmednasir, iliyorudishwa ikiwa imezimika. Aliichaji usiku wa kuamkia safari, hakuifungua. Alitaka kitu kimoja, na alikirudia moyoni njia nzima ili kisimponyoke: redio iliyomwita mumewe mshukiwa imtaje kwa jina lake, saa ileile, na iseme aliuawa kama Musyimi alivyouawa.

Mhariri wa habari, Nyamai, alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alimpa kiti, akamwita Mutie. Kumbe Mutie alikuwa kijana tu, mwembamba kuliko sauti yake.

"Mama, hii ni redio ya umma," Nyamai alianza. "Haina kabila."

"Mwaka huu mmetangaza mauaji matano njia ile," Ruqiya alisema. "Akiuawa Mkamba nasikia jina, nasikia kijiji, nasikia watoto na kanisa lake. Akiuawa mtu wetu nasikia 'anayeaminika kutoka kaskazini'. Bwanangu ametoka Emali. Nimekaa ndani miezi minne, kazi yangu ikiwa kuwasikiliza nyinyi tu. Hakuna mtu katika hizi kaunti mbili anawajua kama mimi. Mna upendeleo, mzee, na nimekuja kuwaambia mbele ya macho yenu."

Nyamai alivua miwani. "Majina tunayachukua mochwari. Ndiyo kawaida yetu, ili tusikosee. Watu wenu hawakai mochwari."

"Kwa hivyo kosa letu ni kuzika mapema."

Ruqiya akaweka karatasi ya polisi mezani. Iliandikwa wazi: wafanyabiashara wawili, wamevamiwa, wameuawa. Nyamai aliisoma mara mbili, halafu akamtazama Mutie.

"Polisi walisema wawili?"

"Alikuwa na kisu, mzee," Mutie alisema. "Mkononi. Na kilikuwa na damu."

"Kando yake kulikuwa na nini?" Ruqiya aliuliza.

Mutie alifikiri. "Mbuzi."

"Amefanywaje?"

"Amechinjwa." Mutie alilitamka neno hilo polepole, kama anayeokota kitu chini. "Alikuwa na risasi mguuni. Lakini shingo imekatwa, na amelazwa akitazama kaskazini. Nilidhani wezi... nilidhani walitaka kula."

"Wezi wakimbie na pikapu, halafu wasimame wachinje mmoja, wamgeuze kibla?" Ruqiya hakupandisha sauti. "Alipigwa risasi na bado akatambaa kwa mbuzi wa Musyimi asife bure. Mwanangu, umeona mtu anafanya kazi yake ya mwisho ukamwita mwizi."

Mutie aliketi bila kuambiwa. Alisema, akiitazama meza, "Yule mtoto nilimsikia. Nilimtafuta kwenye vichaka. Hakuna nyumba karibu na pale, mama, hakuna hata boma. Nilitaka kufuta, lakini watu wa kipindi wakasema inaingia vizuri. Mimi tangu hiyo siku siendi kurekodi peke yangu."

"Icheze," Ruqiya alisema.

Walimpeleka kwenye chumba chenye kuta zilizovikwa sponji, ambamo neno likitoka mdomoni halirudi. Fundi akabonyeza. Upepo. Nyayo. Ruqiya akaitoa simu ya mumewe kwenye mkoba, akaiwasha, akaiweka mezani, kisha kwa simu yake mwenyewe akapiga.

"Aabo! Aabo, telefoonka qabo!" simu ikasema mezani, na mtoto yuleyule akaitika kutoka kwenye spika za ukutani, nusu neno nyuma yake. Kwa muda wakawa watoto wawili. Mutie alisimama akagonga kiti kikaanguka, na kile kiti nacho hakikusikika sana, kwa jinsi kile chumba kilivyomeza sauti.

"Hakuna aliyeshika," Ruqiya alisema. "Jina lake lilikuwa mfukoni linalia. Mngeshika tu. Ni mimi nilikuwa nikipiga."

Nyamai alikuwa ameinama kwenye kompyuta, kisha akaichukua simu ya marehemu, akaitazama kwa muda mrefu. "Mama, wewe ulipiga saa ngapi?"

"Saa nne. Na saa tano na kitu."

"Hii ilirekodiwa saa nne na dakika arobaini na saba." Alimgeuzia kioo. Kati ya simu zake mbili zisizopokewa za siku ile palikuwa na nyingine, ya saa nne na dakika arobaini na saba, isiyo na jina. Namba iliishia na 318. "Huyu ni nani?"

Ruqiya hakuijua, wala haikuwemo kwenye simu yake. Nani angempigia Ahmednasir dakika hiyo, pale, isipokuwa aliyetaka kuhakikisha kwamba amekufa na hatashika?

Nyamai alimwambia ampelekee polisi namba hiyo. Akaandika marekebisho kwa mkono wake, akamsomea, akakubali kubadilisha neno moja. Yangesomwa Jumatano, saa saba, na sauti ya mtoto ingetolewa kwenye kipindi. "Na majina," alisema akiwa mlangoni, "tutatafuta njia nyingine ya kuyapata." Ruqiya alimwamini nusu.

Polisi waliandika namba kwenye daftari wakasema watapiga. Yeye hakuthubutu kuipiga. Alirudi nayo Emali, ndani ya ile simu, akaiweka kwenye rafu kati ya makopo ya dawa. Siku tatu alipita mbele ya rafu hiyo ubavuubavu. Hamdi alitaka kuizima.

"Usizime," Ruqiya alisema. "Akipiga tena nitajua."

"Na akipiga utafanya nini, hooyo?"

Ruqiya aliichomeka simu kwenye chaji.

Jumatano ilifika yenye jua kali. Saa saba, kinu cha Katunge kilizimwa, kitu ambacho hakikuwahi kutokea kabla ya jioni. Ruqiya alisimama nyuma ya kaunta na Hamdi akasimama naye. Upepo ukavuma kwenye redio zote za mji. Nyayo zikapita. Kisha pale mtoto alipozoea kuita hapakuwa na kitu, na ukimya huo ulikimbia mlango kwa mlango vilevile, gereji, hoteli, malori. Watu walinyanyua vichwa.

"Idhaa hii inaomba radhi," Nyamai alisoma mwenyewe. "Katika shambulio la barabara ya Mutomo tulimtaja marehemu mmoja kuwa mshukiwa. Hakuwa mshukiwa. Alikuwa Ahmednasir, mfanyabiashara wa mifugo wa Emali, mume wa Ruqiya na baba wa Hamdi. Alivamiwa na kuuawa pamoja na mwenzake, Bwana Musyimi. Alifia kazini." Halafu muziki.

Hamdi alikuwa analia bila sauti. Nje, mtu alisema "Aiya!" na mwingine akamnyamazisha. Ruqiya alikuwa akingoja kusikia kitu fulani ndani ya kifua chake kikishuka, na ndipo mtoto akaita.

"Aabo! Aabo, telefoonka qabo!"

Katunge alitokea mlangoni mbio. "Si walisema wameitoa? Mama Hamdi, si wamesema wameitoa?"

Haikuwa redio. Simu ilikuwa ikitambaa kwenye rafu kwa mtetemo wake, ikisukuma makopo, na kiooni kulikuwa na namba isiyo na jina inayoishia na 318.

"Usishike," Hamdi alinong'ona.

Mtoto aliita mara ya pili, ya tatu. Mchana mweupe ulikuwa umejaa mlangoni, na watu watatu wanne walikuwa wameshasimama nyuma ya Katunge, hakuna anayethubutu kuingia. Ruqiya aliitazama simu ikifika ukingoni mwa rafu. Aliidaka kabla haijaanguka, na kwa kuwa ilikuwa tayari mkononi, akabonyeza.

Kwanza alisikia pumzi tu.

"Nani anashika?" sauti ya mwanamke ikauliza kwa Kikamba. Ilikuwa inaogopa kuliko yake.

"Ni Mama Hamdi."

Pumzi tena, ndefu. Nyuma yake redio ilikuwa ikicheza muziki ule ule wa kipindi. "Ni mimi," mwanamke alisema. "Wa Nunguni."

Ruqiya alishika kaunta. "Kavata. Ni wewe ulipiga? Siku ile?"

"Ni mimi. Musyimi hakuwa anashika. Wewe unamjua, simu yake alikuwa anaiacha chini ya kiti. Basi nikampigia bwanako nimuulize mtu wangu yuko wapi. Huyo alikuwa anashika kila wakati. Kisha nikasikia redioni simu ikilia, nikajua ni mimi. Kila Jumatano nilijua ni mimi. Na bado nikaamini walichosema."

Ruqiya akavuta stuli ya wateja, akaketi.

"Leo nilitaka kusikia kama italia tena," Kavata alisema. "Sikujua kuna mtu atashika."

"Nimeshika."

"Ule mchele," Kavata alisema, na sasa alikuwa analia wazi. "Ule mchele ulirudi, bado uko?"

"Uko. Haujafunguliwa."

"Basi usiufungue. Nakuja."

Simu ikakatika. Ruqiya alibaki ameishikilia sikioni, na Katunge, ambaye hakuwa amesikia upande wa pili, akaingia dukani taratibu, akafuta mikono yake yenye unga kwenye gauni.

"Mama Hamdi," alisema, "sogea kidogo tukae."